Msingi wa Hatua ya Tisa

Mkurugenzi alikuwa amerudisha karatasi kwa mara ya tatu. Safari hii hakuandika maoni yoyote. Alikuwa amechora duara jekundu kuzunguka neno "lakini" kila mahali lilipojitokeza, na Gwantwa Mwakibinga akahesabu maduara saba kabla hajamaliza kuvua koti la mvua.

Aliombwa ukurasa mmoja tu. Baraza la Maji la Bonde la Lwangasi lilikuwa linatimiza miaka kumi na nne tangu mashine iitwayo Mpimahoja ianze kuamua mashauri, na ukuta wa ukumbini ulikuwa umeshapakwa rangi nyeupe ili uandikwe historia fupi ya wazo kwamba kufikiri kunaweza kufanywa na mashine. Gwantwa alikuwa ameifundisha historia hiyo chuo kikuu kwa miaka tisa kabla ya kuja kuwa msomaji wa hoja barazani. Hapakuwa na mtu mwingine bondeni aliyeijua. Ndiyo maana alikubali kuiandika, na ndiyo maana sasa alijuta.

Akaenda na karatasi yake mpaka ofisini kwa Mkurugenzi Mwambipile. Hakuketi.

"Mkurugenzi, mhubiri wangu wa Majorka umemkata katikati."

"Nimeacha sehemu nzuri," alisema Mwambipile, mtu mpole mwenye kawaida ya kupanga kalamu zake kwa urefu. "Kwamba zaidi ya miaka mia saba iliyopita alitengeneza magurudumu ya karatasi yenye herufi, unayazungusha yanakupa hoja. Watoto wa shule wataipenda hiyo."

"Alivuka bahari akaenda Tunisi kuwashawishi watu kwa magurudumu hayo, wakamfukuza. Umeiondoa."

"Inahuzunisha, Mwalimu."

"Haihuzunishi, inaeleza. Magurudumu yalizunguka sawasawa. Tatizo lilikuwa maneno aliyoyaandika juu yake kabla ya kuyazungusha. Yeye aliyaona ni maneno ya kila mtu. Wenyeji hawakuyaona hivyo."

"Na yule mwanahesabu wa Baghdad?"

"Alionyesha kwamba hata ugomvi wa mirathi unaweza kufuatwa hatua kwa hatua kama hesabu. Lakini nani ni mrithi na nani si mrithi, hilo hesabu haikulisema. Liliamuliwa kabla. Mjerumani yule naye aliota lugha ya alama ambayo wagomvi wangeitumia kukokotoa nani ana haki, akaunda na mashine ya kuzidisha na kugawanya, ikawa inamsumbua mpaka anakufa. Kisha Waingereza wakaifanya mantiki kuwa aljebra, mmoja wao akatengeneza kitu kama piano, unabonyeza sentensi, kinatoa hitimisho. Kisha wakaja wale vijana wa miaka ya thelathini ya karne ya ishirini, wakathibitisha kwamba kuna maswali ambayo mashine yoyote ya aina hiyo haitayamaliza. Hao umewafuta kabisa."

"Ukuta una mita mbili," alisema Mwambipile. "Anza Ugiriki, pita Baghdad, pita Ulaya, fika Lwangasi. Mstari ulionyooka. Tafadhali, Mwalimu. Wageni wanakuja Ijumaa."

Gwantwa alitaka kumwambia kwamba mstari huo haukuwahi kunyooka hata siku moja, kisha akakumbuka kwamba alishamwambia hivyo Jumatatu na Jumatano. Akatoka.

Ukumbini, chini ya ukuta mweupe, alikuwa ameketi mama mmoja mzee aliyevaa sweta la kijani na kufunga kitenge juu yake. Alikuwepo tangu asubuhi. Karani alishamwambia mara mbili kwamba mashauri hayasikilizwi kwa mdomo, naye mara mbili alimshukuru karani na kubaki pale pale.

"Ugonile, mama," Gwantwa alimsalimu.

Mama aliitikia na kujitambulisha. Jina lake Tusekile Mwandemele, kutoka Ndubi, juu kule kwenye migomba ya mwisho kabla ya msitu. Kuna kampuni ya kufungasha maji iliyoomba kupewa chemchemi yao. Barua ya baraza ilisema hukumu ingetoka leo.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayeweka saini, mwanangu."

"Mimi nasoma tu, mama. Mashine ndiyo inayoamua."

"Na usiposaini?"

"Haiwi hukumu."

"Basi wewe ndiye unayeamua," alisema Tusekile, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mtoto kwenye hesabu.

Gwantwa aliudhika. Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Hukumu ya Ndubi ilikuwa na hatua arobaini na sita. Hivyo ndivyo Mpimahoja ilivyofanya kazi, na hivyo ndivyo sheria ilivyoilazimisha: haikuruhusiwa kusema neno ambalo haikuweza kulionyesha kwa hatua. Kila hatua ilibidi isimame juu ya hatua zilizotangulia au juu ya msingi, na misingi ilikuwa ya aina tatu tu: sheria, vipimo, na maelezo ya wasomaji. Msomaji akikuta hatua yenye kosa, anaitaja kwa namba na kueleza kosa lenyewe, na maelezo yake yanakuwa msingi kwa mashauri yote yatakayofuata, katika mabaraza yote ya nchi. Asipokuta kosa, anasaini. Kusema tu kwamba hukumu ni mbaya hakukuwa na nafasi kwenye fomu. Gwantwa mwenyewe alikuwa kwenye kamati iliyoiondoa nafasi hiyo. Baba yake alipoteza shamba la kahawa kwa hakimu aliyesema "naona hivi" bila kueleza aliona nini, na tangu hapo binti alichukia hukumu isiyo na sababu kuliko alivyochukia hukumu mbaya.

Alisoma kalamu mkononi. Hatua za mwanzo zilikuwa safi. Hatua ya saba: chemchemi ya Ndubi haina kipimo. Hatua ya nane: kwa hiyo hakuna matumizi yaliyopimwa Ndubi. Hatua ya tisa: kwa hiyo chemchemi ya Ndubi haijatumiwa na mtu yeyote kwa miezi kumi na miwili. Kuanzia hapo mambo yaliteremka yenyewe. Chemchemi isiyotumika inaweza kuombwa, kampuni imeomba, imetimiza masharti, ipewe, na izungushie uzio.

Kaya thelathini na nane zilikunywa maji ya Ndubi. Mama wa mojawapo ya kaya hizo alikuwa ameketi hatua kumi na tano kutoka mlangoni.

"Mpimahoja," alisema Gwantwa, "nje kuna mtu anayetumia chemchemi hii kila siku. Nimwite aseme?"

"Kauli ya mtu si kipimo," ilijibu mashine. Sauti yake ilikuwa ya kiume, ya upole, kama ya daktari asiye na wagonjwa wengine. "Matumizi yasiyopimwa yanahesabiwa kuwa hayapo."

"Nani kasema?"

"Ni msingi wa hatua ya tisa. Maelezo namba mia na kumi na nne."

"Soma."

"Matumizi ya maji ambayo hayakupimwa yahesabiwe kuwa hayapo, kwa kufuata kanuni ya vipimo. Yameandikwa na msomaji G. Mwakibinga, Baraza la Lwangasi, miaka kumi na miwili iliyopita."

Gwantwa aliweka kalamu chini.

Alilikumbuka shauri lile vizuri kuliko alivyotaka. Mwangoka, mwenye mashamba ya chai, alikuwa ameleta mashahidi kumi na mmoja kuthibitisha kwamba chemchemi ya Kilasi ilikuwa yake tangu zamani. Wakati huo mashine ilipokea kauli za watu. Wote kumi na mmoja walitumia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, mpaka kikohozi. Kila mtu barazani alijua wamefundishwa, na mashine peke yake ndiyo haikujua, kwa kuwa mashahidi kumi na mmoja ni wengi kuliko watatu walioletwa na watu wa Kilasi. Gwantwa alikuwa mpya kazini na alikuwa na hasira. Alitafuta hatua yenye kosa na hakuipata. Basi akaitengeneza. Aliandika sentensi moja, akaiegemeza kwenye kanuni ya vipimo, ambayo ilihusu namna ya kusoma mita na haikusema lolote kuhusu mashahidi. Alilijua hilo wakati anaandika. Mwangoka, ambaye hakuwa na mita, akashindwa, watu wa Kilasi waliokuwa nayo wakabaki na maji yao, na Gwantwa alilala usingizi mzuri kwa miaka kumi na miwili.

"Mashauri mangapi yamesimama juu ya maelezo hayo?" aliuliza.

"Mia nne na kumi na mawili. Na hili."

Mwambipile alimkuta amekaa vile vile. Alikuwa amekuja kuulizia karatasi ya ukutani, lakini alipomwona alivuta kiti. Gwantwa alimweleza yote bila kupamba. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akasugua paji la uso.

"Haya. Watu wa Ndubi hawastahili kunyang'anywa. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Basi andika kwamba hatua ya thelathini na moja ina kosa. Nani atakagua? Shauri linarudi mwanzo, tunawawekea Ndubi kipimo, mwaka ujao wana rekodi. Twende tukanywe chai."

"Hatua ya thelathini na moja inasema: kama hili lipo basi lile lipo, hili lipo, kwa hiyo lile lipo. Nikiandika kwamba hiyo ni kosa, Mkurugenzi, mashine haitaamini tena hoja yoyote ya namna hiyo. Mtu atathibitisha kwamba ana kibali, na kwamba mwenye kibali ana haki, halafu ataambiwa hana haki."

"Watarekebisha baadaye."

"Nilisema hivyo hivyo mara ya kwanza."

"Basi saini, na tuwasaidie Ndubi kukata rufaa."

"Rufaa inasomwa na mashine hii hii, kwa msingi huu huu."

"Sasa unataka nini, Mwalimu? Kila mlango ninaoufungua unaufunga."

"Sina ninachotaka," alisema Gwantwa, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwandishi anaweza kuyaondoa maelezo yake mwenyewe. Ibara ya sitini. Hakuna aliyewahi kuitumia."

Mkurugenzi alielewa upesi kuliko Gwantwa alivyotarajia. "Mashauri mia nne yatafunguka."

"Na kumi na mawili."

"Mwangoka atarudi. Kuna watu wametulia kwa ajili ya sentensi ile. Watu wazuri, wenye haki yao. Utawatoa wote barabarani kwa ajili ya kijiji kimoja? Na wewe mwenyewe utakwenda wapi? Msomaji aliyekiri kwamba alidanganya mashine hasomi tena."

"Najua."

"Ijumaa wageni wanakuja," alisema Mwambipile, si kama hoja, bali kama mtu anayekumbuka ghafla mvua ilhali ameacha nguo nje. Alisimama akatoka bila kumkataza. Baadaye Gwantwa alimshukuru kwa hilo, ingawa hakuwahi kujua kama lilikuwa wema au woga.

Ilikuwa saa sita mchana. Kama hukumu isingesainiwa kufikia saa kumi, ingekwenda yenyewe kwa msomaji wa mkoa, ambaye alisoma hukumu sitini kwa siku na kusaini sitini.

Gwantwa alizunguka chumbani. Alikasirika na mashine, akaona ni upuuzi, kwa sababu mashine haikufanya ila alichoiambia. Akamkasirikia Mwangoka. Akamkasirikia yule Mjerumani na ndoto yake ya kukokotoa haki, na wote waliomfuata, kila mmoja akiahidi kwamba safari hii ugomvi utakwisha, kumbe ugomvi ulihamishwa tu, ukapelekwa nyuma ya hatua ya kwanza mahali ambapo watu hawaangalii. Yeye alikuwa amewafundisha vijana jambo hilo kwa miaka tisa, kwa chaki, kwenye ubao. Halafu akaja hapa akakaa nyuma ya hatua ya kwanza, akaandika alichotaka, na kuweka jina lake.

Alifikiria njia ya kuwaokoa Ndubi bila kuwagusa wale mia nne na kumi na mawili. Alitafuta mpaka saa tisa na nusu. Hakuipata. Kila njia aliyoipata ilihitaji sentensi nyingine ya uongo, na sentensi hiyo ingekwenda kuishi katika mabaraza yote, ikiamua mambo ya watu asiowajua, muda mrefu baada ya yeye kusahau aliiandika kwa nini.

Akaketi na kufungua ibara ya sitini.

"Taja sababu ya kuondoa maelezo," ilisema mashine.

"Mwandishi alijua kwamba kanuni aliyoitaja haisemi hivyo."

"Mwandishi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Imepokelewa. Hatua ya tisa imeanguka. Hatua ya kumi hadi ya arobaini na sita zimeanguka. Mashauri mia nne na kumi na mawili yamefunguliwa. Barua zinatumwa."

Hakusikia unafuu wowote. Alisikia njaa, na kichwa kikimgonga. Alipotokea ukumbini, Tusekile alikuwa bado ameketi.

"Haijaamuliwa, mama. Nenda nyumbani. Hakuna uzio kwa sasa."

"Kwa sasa," alirudia Tusekile, akakusanya kitenge chake.

Gwantwa alisimamishwa kazi siku ya pili. Ukuta uliandikwa na mtu mwingine, mstari ulionyooka, na wageni walipiga nao picha. Jumanne iliyofuata, akiwa anafungasha vitabu, alikuja mtu aliyemtambua kwa sura tu: Mwalimu Ambakisye, mkuu wa shule ya wasichana ya Lwangasi Juu. Alikuwa na barua mkononi, imekunjwa mara nne.

"Miaka sita iliyopita mwenye shamba la jirani alisema bomba letu ni lake," alisema. Hakupandisha sauti. "Hakuwa na vipimo. Sisi tulikuwa navyo. Tukashinda. Tulikuwa na haki, Bi. Gwantwa, hata bila hiyo sentensi yako tulikuwa na haki. Sasa naandikiwa kwamba shauri limefunguliwa, na yeye tayari anatafuta mashahidi."

"Pole, Mwalimu."

"Nimesoma sababu uliyoiandika. Watu wanasema umefanya jambo la ujasiri. Mimi nakuuliza hivi: ulipotaka kutubu, kwa nini ulitubu kwa maji ya wanangu?"

Gwantwa alikaa juu ya sanduku la vitabu. Alikuwa ameandaa majibu kwa ajili ya Mkurugenzi, kwa kamati ya nidhamu, hata kwa Mwangoka. Hayo hakuyatumia.

"Ni kweli," alisema. "Niliwabebesha ninyi. Sikuona njia nyingine, lakini ni kweli."

Ambakisye aliendelea kusimama na barua yake.

"Una wasichana wangapi?" aliuliza Gwantwa.

"Mia tatu."

"Waandikishe kauli zao. Kila mmoja kwa maneno yake: anachota saa ngapi, anafulia wapi, ni lini maji yalikatika. Usiwafundishe. Wakisema maneno yanayofanana watakataliwa, na itakuwa sawa wakataliwe. Nitakuja Jumamosi nisaidie kuandika, ukipenda."

"Sijui kama nitapenda," alisema Ambakisye. Aliikunja barua mara ya tano na kuondoka. Jumamosi Gwantwa alikwenda. Hakufukuzwa, wala hakukaribishwa chai. Waliandika mpaka jioni, kauli mia moja na nne, na hakuna mbili zilizofanana.

Wiki iliyofuata alipanda Ndubi. Baraza sasa lilikuwa linapokea tena kauli za watu, lakini halikuwa na mtu wa kwenda kuzichukua; kwa miaka kumi na miwili kazi hiyo haikuwepo, na waliokuwa wakiifanya walishastaafu au kufa. Alikwenda na daftari, kama raia wa kawaida. Njia ilikuwa tope tupu. Aliteleza mara mbili na kufika akiwa na matope mpaka kiunoni.

Tusekile alimpokea mlangoni.

"Tumeshinda?"

"Hapana, mama. Shauri linaanza upya. Kampuni inaleta wakili."

"Na wewe? Bado uko kule?"

"Walinitoa."

Mama mzee alimtazama, kisha akatazama daftari. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kuandika jinsi mnavyoitumia chemchemi. Kila kitu. Nani anachota, mara ngapi, anatumia chombo gani. Niambie tu, mimi naandika."

"Nikuambie," alisema Tusekile, kana kwamba alikuwa ameombwa aeleze namna ya kupumua. Aliingia ndani, akatoka na ndoo mbili na ngata ya majani makavu ya mgomba. Ndoo moja alimpa Gwantwa, na ngata akamwekea kichwani, akaisogeza mpaka ikakaa.

Chemchemi ilikuwa chini ya mteremko, maji yakitoka mwambani kwa mkondo mwembamba kama mkono wa mtoto. Wanawake watatu walikuwa mbele yao, nao wakasubiri zamu. Gwantwa hakuwa amebeba maji kichwani tangu akiwa na miaka kumi na saba. Kupanda kurudi kulimchukua karibu nusu saa. Shingo ilitetemeka, maji yakamwagikia usoni na ndani ya kola, na mara moja ilibidi asimame, ashike shina la mgomba, na kunong'ona neno ambalo hakuwa amelisema mbele ya mtu mzima maishani mwake. Tusekile, aliyemzidi miaka kumi na sita, alikuwa mbele akiongea na jirani bila kushika ndoo.

Walipofika uani, Gwantwa alishusha ndoo yake. Ilikuwa nusu. Alikaa kwenye kigogo, akafuta mikono kwenye sketi iliyojaa tope, akafungua daftari lililolowa pembeni.

Tusekile alichungulia ndani ya ndoo ile, akachungulia tena.

"Safari nne kwa siku," alisema. "Ya kwanza kabla jua halijatoka. Umeandika?"

"Naandika."

"Andika na jinsi inavyouma shingo. Halafu simama, hii ya kwako haitoshi kupikia."

Gwantwa aliandika, akaweka kalamu katikati ya daftari, akasimama.